Kushuka mlima na trela: kazi uipe gia au breki?

Madereva wanaovuta trela wakifika juu ya mlima hugawanyika. Wapo wanaoacha gari kwenye gia ileile ya tambarare, wanaweka mguu kwenye breki na kuukalia mpaka chini. Wapo wanaoshusha gia mbili au tatu kabla ya mteremko kuanza, wanaacha injini ipige kelele, na mguu unapumzika. Wa kwanza wanasema pedi za breki ni rahisi kubadilisha kuliko injini. Wa pili wanajibu kwamba breki ikikataa katikati ya mteremko, huo si wakati wa kuzungumzia bei ya pedi.

Mimi niko na hao wa pili, ila si kwa kila gari wala kwa kila trela. Aina ya breki za trela lako hubadilisha jibu kuliko watu wengi wanavyodhani, na ndiyo maana sehemu hiyo hapa chini nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine. Kwanza tupige hesabu.

Joto linaloshuka nawe

Chukua gari na trela vyenye tani 5 kwa pamoja. Barabara inashuka kwa asilimia 6, yaani mita 6 kwa kila mita 100, kwa urefu wa kilomita 10. Ukifika chini utakuwa umeshuka mita 600. Ukienda kilomita 60 kwa saa safari hiyo ni ya dakika 10, na muda wote huo mteremko unakusukuma kwa nguvu ya kilowati 49 hivi. Upepo unaopiga kifua cha trela na msuguano wa matairi hula takriban theluthi moja. Zinazobaki, kama kilowati 30, lazima ziende mahali fulani, vinginevyo gari linaongeza mwendo.

Kilowati 30 ni sawa na pasi 30 za umeme zilizowashwa kwa pamoja na kubandikwa kwenye breki zako kwa dakika 10 bila kuzimwa. Diski nne zenye jumla ya kilo 40 za chuma zikipokea joto hilo lote pasipo upepo wa kuzipoza, zitapanda kwa nyuzi 900 hivi. Upepo upo, kwa hiyo hazifiki huko, lakini unaona kwa nini mteremko mrefu ni habari tofauti kabisa na kusimama ghafla kwenye taa za barabarani. Kusimama mara moja ni joto la sekunde chache. Mlima ni joto linaloingia bila kukoma.

Breki zilizozidiwa na joto hukataa kwa njia tatu, na kila moja ina dalili yake mguuni. Pedi zikipata moto kupita kiasi hupoteza ukwaruzo wake: pedali inabaki ngumu, unakanyaga kwa nguvu zote, gari halishiki. Kwenye breki za ngoma, ngoma hutanuka kwa joto na kukimbia lainingi zake, kwa hiyo pedali inazidi kwenda chini kila unapokanyaga. Ya tatu ndiyo mbaya zaidi: mafuta ya breki yanachemka. Mvuke unabanika, mafuta hayabaniki, kwa hiyo pedali inakuwa laini na kuzama mpaka sakafuni. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205, na ya DOT 4 chini ya 230. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu kutoka hewani. Yakishanyonya maji ya kutosha, kiwango kinachohesabiwa ni nyuzi 140 kwa DOT 3 na 155 kwa DOT 4. Mwenye gari ambaye hajabadilisha mafuta ya breki kwa miaka mingi anashuka mlima na akiba ndogo kuliko anavyofikiri, hata kama pedi zake ni mpya.

Injini inashika vipi, na ipi inashika zaidi

Ukiachia mafuta huku gari likiwa kwenye gia, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Kwenye petroli, mlango wa hewa unafunga, pistoni zinajaribu kuvuta hewa isiyopatikana, na kazi hiyo ya bure inatolewa kwenye mwendo wa gari. Jumlisha msuguano wa ndani wa injini yenyewe. Joto linatoka kupitia rejeta na bomba la moshi, vitu vilivyotengenezwa kwa kutoa joto kutwa nzima. Hiyo ndiyo faida yote ya kushusha gia: mzigo unahama kutoka kwenye kifaa kinachojaa joto kwenda kwenye kifaa kinacholitoa.

Kiasi kinachonyonywa hutegemea mizunguko ya injini. Ukiizungusha injini mara mbili, kunyonya kunazidi mara mbili. Kwa makadirio yangu, injini ya petroli ya lita 3.5 iliyo kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika inabeba kilowati 20 hivi katika zile 30 za mfano wetu. Ikiwa kwenye mizunguko 2,000 haifiki hata nusu ya hapo. Kwa hiyo anayeshusha gia moja tu halafu akalalamika kwamba "injini haishiki" hajaipa nafasi ya kushika. Kelele ya mizunguko 4,000 inawatisha wengi. Kama iko chini ya mstari mwekundu wa saa ya mizunguko, injini haipati shida yoyote: haichomi mafuta, haina mzigo wa moto, inazunguka tu.

Dizeli ya kawaida ni dhaifu hapa, jambo linalowashangaza watu waliozoea kuisifu kwa kuvuta. Haina mlango wa hewa unaoibana kama petroli. Hewa inaingia wazi, inashindiliwa, kisha ikitanuka inairudishia pistoni sehemu kubwa ya nguvu iliyotumika kuishindilia. Na mizunguko yake ya juu ni michache. Ndiyo sababu watengenezaji wakaiongezea vifaa.

Kifaa cha kwanza ni breki ya ekzosi: kizibo kinachofunga bomba la moshi ili pistoni zisukume dhidi ya hewa iliyozuiwa. Pikapu kubwa za dizeli za siku hizi hufanya vivyo hivyo kwa kubana mabawa ya ndani ya turbo. Kifaa cha pili, cha malori makubwa, hufungua valvu za moshi pale hewa inapokuwa imeshindiliwa kabisa, ikatoka ikipiga mlio, na pistoni ikakosa cha kuisukuma irudi. Kifaa hicho kilizaliwa na mteremko. Mwaka 1931 Clessie Cummins, yule wa injini za Cummins, alikuwa akishuka Cajon Pass huko California na lori la dizeli. Breki zikaisha, gia haikutosha, na chini treni ya mizigo ilikuwa ikivuka barabara. Wakaponea chupuchupu nyuma ya behewa la mwisho. Baada ya kustaafu alirudi kwenye tatizo hilo, na mwaka 1961 kampuni ya Jacobs ikaanza kuuza breki hiyo. Kelele zake ndizo zilizofanya miji mingi ya Marekani iweke vibao vya kuikataza.

Kwa anayechagua gari la kuvutia, basi: petroli yenye injini kubwa inashika vizuri bila nyongeza yoyote, dizeli yenye breki ya ekzosi inaishinda, dizeli isiyo nayo inabaki nyuma, nayo utaishusha kwa mwendo mdogo zaidi au kwa breki nyingi zaidi. Nikiuziwa pikapu ya dizeli kwa ajili ya trela zito milimani, swali langu la kwanza lingekuwa hilo, kabla ya nguvu za farasi.

Gari la umeme linashika kwa kurudisha umeme kwenye betri, na linashika sana, ila lina sharti moja. Zile kilowati 30 kwa dakika 10 ni uniti 5 za umeme. Betri iliyojaa pomoni haina pa kuziweka, na gari linakurudisha kwenye pedi zako bila huruma. Ukilala juu ya mlima usichaji mpaka 100. Kwa betri ya uniti 75, ukiacha asilimia 10 wazi mteremko wetu unameza bila shida. Haibridi, yaani gari la mafuta na umeme pamoja, ina betri ndogo inayojaa haraka, ndiyo maana baadhi yake zina herufi B kwenye gia, inayoilazimisha injini kushiriki kushika. Itumie tangu mwanzo wa mteremko.

Gia za mkono na otomatiki

Kwa gia za mkono uamuzi wote ni wako, uzuri na ubaya. Unaingiza namba 3 au namba 2 ukiwa bado juu, kabla pua ya gari haijainama, na gari halitapanda gia kwa hiari yake. Ubaya uko kwenye kuchelewa. Ukishaachia mwendo ukapanda halafu ukakanyaga klachi kutafuta gia ndogo, kwa sekunde hizo hakuna kinachokushika isipokuwa pedali. Kwenye lori zito gia inaweza ikagoma kuingia kabisa ukabaki nyutro na tani zote mgongoni. Hatari nyingine ni kuingiza gia ndogo mno katika mwendo mkubwa. Watu hudhani kile kifaa kinachozuia injini isizidi mizunguko kitawaokoa. Hakiwezi: kazi yake ni kukata mafuta, na hapa mafuta hayahusiki, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Valvu hugongana na pistoni na safari inaishia hapo.

Otomatiki ya kisasa inakulinda na kosa hilo. Ukiomba gia ndogo katika mwendo usiofaa inakataa. Tatizo lake ni kinyume chake. Ikiachwa kwenye D, ukiondoa mguu kwenye mafuta inadhani umeamua kupumzika, inapanda gia, injini inatulia, na gari linateleza likiwa huru. Kwa hiyo usishuke na D tupu. Magari ya zamani yana kitufe cha O/D (overdrive, gia ya juu kabisa), kizime, kisha shusha kwenye 3, 2 au L. Mapya yana alama ya kutoa na kujumlisha, za kushusha na kupandisha gia mwenyewe. Pikapu nyingi zina kitufe cha kuvuta trela, ambacho hushikilia gia ndogo na kushusha nyingine kila unapogusa breki. Ni kitu kizuri. Lakini jaribu gari lako kwenye mteremko mfupi kwanza, kwa sababu kuna magari ambayo hata ukichagua gia mwenyewe hupanda yenyewe mizunguko ikikaribia mstari mwekundu, yaani yanakuachia pale hasa unapohitaji kushikwa.

Gia ipi sasa? Ule usemi wa zamani kwamba gia iliyokupandisha ndiyo itakayokushusha ulifaa magari ya zamani. Magari ya leo yana injini zenye nguvu, yanapanda mlima na gia kubwa, na maumbo yao hayakamatwi sana na upepo. Yanahitaji gia ndogo kuliko ile ya kupandia. Hata mwongozo wa madereva wa malori wa Marekani unasema hivyo. Kipimo ninachokiamini ni hiki: gia ni sahihi kama mwendo unapanda polepole ukiwa hujagusa kitu, na mguso wa breki wa mara moja moja unatosha kuurudisha. Kama unakanyaga kila baada ya sekunde chache, shuka gia nyingine.

Kuhusu nyutro, ili "kuokoa mafuta", sitapoteza maneno mengi. Injini ya kisasa ya sindano za mafuta, ikiwa kwenye gia na mguu umeachia, hukata mafuta kabisa. Ikiwa nyutro inayachoma ili isizime. Anayeshuka nyutro anapoteza breki ya injini na anachoma zaidi.

Breki za trela: hapa ndipo jibu linapogeuka

Matrela madogo na ya wastani mara nyingi huwa na moja ya hali tatu: hayana breki, yana breki za msukumo, au yana breki za umeme. Kwa nje yanafanana. Mlimani yana tabia tofauti kabisa.

Breki za msukumo hazina waya wala paipu kutoka kwenye gari. Gari likipunguza mwendo, trela linalisukuma kwa nyuma, shina la kiungio linaingia ndani sentimita chache, na mwendo huo unavuta fimbo inayofunga breki za trela. Ni ubunifu mzuri kwa barabara ya kawaida. Sasa fikiria mteremko. Trela la tani 1.5 kwenye mteremko wa asilimia 8 linasukuma kiungio kwa nguvu ya kama kilo 120, muda wote, hata usipogusa breki. Umeshusha gia vizuri, mguu umepumzika, unajisifu, na huku nyuma trela linajifunga breki tangu juu mpaka chini. Halijui habari za gia. Linachojua ni kwamba linasukuma.

Ukisimama nusu ya njia, pitisha kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa. Magurudumu ya gari yatakuwa na uvuguvugu. Ya trela utayasikia kabla mkono haujafika. Ukiona hivyo usifikirie mara moja kwamba kuna kitu kibovu. Ngoma za trela ni ndogo, na kazi zimeifanya zenyewe. Shida ni pale zinapochoka. Zikiacha kushika, uzito wote wa trela unahamia kwenye gari bila taarifa, kwa kawaida katika sehemu ya chini ya mlima ambako kona nazo hazikosekani.

Kwa hiyo mwenye breki za msukumo ajue kwamba gia inaokoa breki za gari tu. Breki za trela zinaokolewa na mwendo mdogo. Joto la jumla ni karibu lilelile, ila ukishuka kwa kilomita 30 kwa saa badala ya 60 linaingia kwa karibu nusu ya kasi, na ngoma zinapata muda maradufu wa kulitoa. Chagua gia ya kukupa mwendo huo, hata kama gari lingeweza kustahimili zaidi. Barabara ikilainika kidogo, gusa mafuta kwa sekunde kadhaa ili kiungio kinyooke na breki zifunguke. Pakiwa na nafasi ya kuegesha katikati ya mteremko mrefu, itumie hata kama una haraka. Na kabla ya safari kagua kizuia mshtuko cha kwenye shina la kiungio: kikiwa kimekwisha utasikia trela likigonga "ko!" kila unapoachia mafuta, na breki zake zitafunga kwa kushtuka.

Breki za umeme ni kinyume chake. Zinasubiri amri kutoka kwa kidhibiti kilicho karibu na usukani, nacho kinasubiri uguse pedali. Ukishuka kwa gia peke yake hazifanyi lolote. Zinabaki baridi na mpya kwa ajili ya dharura, ambalo ni jambo jema sana, lakini trela zima linaegemea gari. Kwenye barabara kavu na iliyonyooka hilo halisumbui. Kwenye kona kali, au barabara ikilowa, msukumo huo unataka kuzungusha sehemu ya nyuma ya gari, hasa gari likiwa jepesi kuliko trela. Hapo mkono wa kidhibiti, ule unaofunga breki za trela peke yake, una kazi yake: ubane kidogo kabla ya kona, trela livute nyuma, mstari unyooke. Mkono huohuo ndio dawa ya trela linaloanza kupiga mkia. Achia mafuta, bana mkono wa trela peke yake, usiguse breki ya gari, shika usukani bila kupigana nao.

Vidhibiti navyo havilingani. Vya bei ya chini hutoa nguvu ileile uliyopanga kwa kuhesabu muda tu, uwe umegusa kidogo au umekanyaga kwa hofu. Vile vinavyopima jinsi gari linavyopunguza mwendo huligawia trela nguvu kadiri ya hitaji. Kwa mtu wa tambarare tofauti si kubwa. Kwa mtu wa milimani ningesema alipe zaidi na asijutie. Upangaji wake ufanye kwenye tambarare, mwendo wa kilomita 30 au 40: bana mkono, trela lipunguze mwendo wa msafara wote bila magurudumu yake kujifunga na kuburuta.

Trela lisilo na breki ni rahisi kulieleza: joto lote ni la gari. Ulaya ukomo wake ni kilo 750, na mlimani ningeuheshimu ukomo huo hata pasipo na sheria. Kwa trela hili kushusha gia ni lazima, halina mjadala.

Kukalia breki au kukanyaga na kuachia

Hata ukiwa na gia sahihi utahitaji breki, na hapa kuna mitindo miwili. Mmoja ni kuigusa kidogo muda wote ili mwendo usibadilike. Wa pili ni kuuacha mwendo upande mpaka kiwango ulichokichagua, kukanyaga kwa uthabiti kwa sekunde 3 hivi, kuushusha kwa kilomita 8 au 10, kisha kuachia kabisa. Mwongozo wa malori wa Marekani unafundisha wa pili: kiwango chako kikiwa maili 40 kwa saa, kanyaga mpaka 35, achia, rudia.

Wanaotetea mtindo wa kwanza husema joto la jumla halibadiliki. Ni kweli. Kinachobadilika ni mgawanyo wake. Breki zikiguswa kidogo, magurudumu yote hayaanzi kushika kwa pamoja. Machache yanabeba kazi ya wengine na ndiyo yanayochemka. Ukikanyaga kwa uthabiti yote yanashiriki. Kwa malori ya breki za upepo hilo ndilo jambo kuu. Kwa gari dogo nadhani faida kubwa zaidi ni habari unayoipata. Kila ukikanyaga unaijua hali ya pedali: imeshika palepale, au imeshuka kidogo kuliko mara iliyopita? Na vipindi kati ya mguso mmoja na mwingine vinakwambia habari ya gia. Vikianza kufupika wakati mteremko haujabadilika, breki zinachoka au gia ni kubwa mno. Tumia mguso unaofuata kushusha mwendo zaidi ya kawaida na hapohapo shusha gia. Anayekalia breki haoni lolote kati ya haya mpaka aanze kunusa harufu.

Mahali ambapo gia si rafiki

Breki ya injini inafika kwenye magurudumu yanayoendeshwa na injini tu. Barabara ikiwa na matope, theluji au mvua ya kwanza juu ya vumbi, kushusha gia kwa pupa kunaweza kuyafanya yaburute kama vile umevuta hambreki. Utelezi unataka gia ndogo iliyoingizwa mapema na taratibu, mwendo wa kutambaa, na breki ya ekzosi izimwe.

Kitufe cha kushukia mlima kilichopo kwenye magari mengi ya kupanda milima kinachanganya watu. Kinatumia breki za magurudumu, gurudumu moja moja, kwa kompyuta. Kwenye korongo fupi lenye mawe hakina mpinzani. Kwenye lami ya kilomita 10 ni kukalia breki tu, tofauti ni kwamba anayekalia ni mashine. Gia nzito za magurudumu manne nazo ni za njia ya vumbi; kwenye lami kavu, gari ambalo halina difu ya katikati litajikaza na kuumiza vyuma vyake.

Nani achague nini

Mwenye petroli kubwa na trela la breki za umeme ana kazi nyepesi kuliko wote: gia ndogo tangu juu, mguso wa mara moja moja, mkono wa kidhibiti kwa kona. Mwenye dizeli yenye breki ya ekzosi aiwashe kabla ya kilele na afanye hivyohivyo. Mwenye dizeli isiyo na nyongeza achague gia ya chini zaidi na akubali kuwa wa mwisho kwenye foleni. Magari yaliyo nyuma yatasubiri, na pakiwa na nafasi ya kuyapisha ayapishe. Mwenye breki za msukumo aanze na mwendo halafu ndipo atafute gia ya kuushikilia, na apange kusimama njiani.

Ukisimama breki zikiwa zimepata moto, kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Gari likisimama upepo unakatika, na joto la diski linaendelea kusafiri kuelekea kwenye mafuta ya breki. Pedali iliyokuwa nzuri wakati unaegesha inaweza kuzama dakika chache baadaye. Kwa hiyo egesha mahali pa tambarare, zuia magurudumu kwa vigingi au mawe, usivute hambreki juu ya ngoma zenye moto, usizimwagie maji. Zipe nusu saa. Kabla ya kuondoka kanyaga pedali mara mbili tatu gari likiwa limesimama, na uondoke ikiwa tu ni ngumu na iko juu.

Na kama pedali imezama huku bado unashuka: ipige kwa haraka mara kadhaa, huenda ikarudisha kiasi, shusha gia moja moja kadiri injini inavyoweza kubeba, mwenye mkono wa trela aubane wote, hambreki uivute polepole huku kidole kiko kwenye kitufe cha kuiachia. Ukiona njia ya pembeni iliyojazwa kokoto, ya kuokolea magari yaliyokosa breki, ingia. Gari litazama, vitu vitavunjika, gharama itakuwepo. Ingia tu.